Chumba Kilichozimwa

Nasema mapema ili nisije nikasumbuliwa tena: mimi Jalia sikukosea. Nachora nyumba kwa kompyuta hapa Kasese, kwenye kiofisi kilicho juu ya duka la simenti, na kazi ile niliifanya vizuri. Iliyoharibu ni haya. Haya ya mwanamume mzima mwenye duka mpakani Bwera.

Mwanamume huyo ni Philippe, Mkongo wa Butembo. Anauza vitenge na makayabo, samaki wa chumvi ambao harufu yao hufika kabla yao. Mkewe, Kahambu, alikuwa amechukuliwa. Hakuibwa. Alichukuliwa na mama yake mzazi, Mama Benedicte, aliyekimbia Beni na kupanga nyumba Rukoki. Siku moja mama huyo alikuja Bwera kusalimia, akamkuta bintiye na mjukuu wanalala nyuma ya duka katikati ya magunia ya samaki. Akawafungia virago, akaondoka nao, akaacha neno moja: nyumba kwanza, mke baadaye. Na kabla ya tofali la kwanza alitaka kuiona hiyo nyumba kwenye karatasi.

Ndipo Philippe akaja kwangu. Nikamchorea sebule, jiko, chumba cha watoto, na chumba chao wenyewe chenye choo ndani. Alifurahi mpaka nilipomgeuzia kioo cha kompyuta. Akakiona kitanda, kile cha watu wawili ambacho sisi wachoraji hukiweka chumbani na mito yake miwili, ili mwenye nyumba ajue kama kitaenea. Akaitazama mito ile kama mtu aliyefumaniwa.

"Madame Jalia," akasema, "hii karatasi mama mukwe ataiona. Ataona fasi nalalaka na mutoto yake."

Nikamwambia mama mkwe ana mjukuu kutoka kwake, bila shaka ameshaanza kushuku. Hakucheka. Katika ukoo wao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hata kikombe cha chai kikitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine lazima kipitie mikono ya mtu wa tatu. Sasa yeye ampelekee kitanda?

Kwa wasioijua kazi yetu, mchoro wa kompyuta una matabaka, moja juu ya jingine. Kuta zina tabaka lake, milango lake, vitanda lake, vyoo lake. Kando ya jina la kila tabaka kuna alama ya kitaa kidogo. Ukikibofya, tabaka linazimika na vitu vyake vinapotea machoni. Havijafutwa. Vipo, na ukiwasha vinarudi.

Nikazima kitanda. Philippe akapumua, kisha akakiona choo. Nikazima choo pamoja na kuta zake ndogo. Kisha akauona mlango wa chumba, akasema ule mlango unaongea sana. Nikauhamishia kwenye tabaka lake peke yake, nikauzima, na pengo nikaliziba kwa mstari, kwa sababu ukuta wenye pengo nao unaongea. Likabaki sanduku tupu lenye dirisha. Dirisha alisema halina dhambi. Nikamkumbusha kwamba mficha uchi hazai. Akajibu kwamba yeye ameshazaa, sasa anaficha.

Nikamchapia karatasi mbili: ya mama mkwe, iliyovaa nguo, na ya fundi, iliyo uchi. Hii ya pili niliiandika juu kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, YA FUNDI. Sasa niambieni kosa langu.

Mama Benedicte akaipenda nyumba yake yenye adabu. Akaipeleka karatasi kwa katekista, ikaombewa na kunyunyiziwa maji ya baraka, kisha akairudisha Bwera. Philippe alipoyaona yale madoa, akili ikamruka. Nani ajenge kwa karatasi kavu wakati kuna iliyobarikiwa? Akampa fundi ile iliyobarikiwa, ya pili akaifungia makayabo ya mteja, naye akavuka mpaka kwenda Butembo kutafuta pesa ya bati.

Fundi ni Erifazi, mtu wa Ibanda, mwenye mikono mizuri na mdomo mzito. Nyumba isiyo na choo ndani haikumshangaza. Tangu lini choo kikakaa ndani? Chumba kisicho na mlango kilimpa kazi ya kufikiri kidogo tu. Tajiri ni Mkongo, ni mfanyabiashara, na yuko mpakani. Hicho ni chumba cha kuficha pesa, na mwenye siri haulizwi siri yake. Akajenga, akapiga lipu, akatoka kupitia dirisha, kisha akalifunga nondo.

Philippe aliporudi rangi ilikuwa mbichi, na Erifazi akamzuia mlangoni asije akaichafua. Akaitazama nyumba yake kutoka barabarani, machozi yakamlengalenga, akatuma watu Rukoki. Mimi nami nikaitwa, maana mkwe na mama mkwe walihitaji mdomo wa kupitishia maneno, na wangu wanasema hauna breki.

Mama Benedicte akaingia na mwavuli wake. Kahambu alimfuata, mtoto mgongoni, begi mkononi. Begi lile ndilo tulilolitazama sote. Likiwekwa chini, Philippe ana mke. Likirudi Rukoki, ana jengo.

Mama akakagua jiko, akagonga kuta kwa ncha ya mwavuli, akaridhika. Kisha, akiwa amempa Philippe mgongo, akaniambia nimuulize mkwe wake binti yake atalala wapi. Nikauliza. Philippe, naye akiwa amempa mgongo, akaonyesha mwisho wa korido kwa kidole. Tukaenda mpaka korido ikaisha. Philippe akapapasa ukuta juu, akapapasa chini, kama anayetafuta swichi gizani. Hapakuwa na mlango.

Hapo Erifazi akamsogelea kwa fahari, akidhani ananong'ona.

"Boss, usiogope. Hata bibi yako hawezi jua pesa iko wapi."

Kicheko kilinifika kooni, kisha nikauona uso wa Kahambu. Alilihamisha begi kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akatazama nje. Mama Benedicte akasema nimwambie mkwe wake kwamba alimtoa mtoto wake katikati ya samaki, na sasa anaona pesa zimejengewa chumba na mtoto wake hana.

Philippe akanikonyeza nimtungie uongo. Nikakataa. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli, kwa ajili ya yule mwanamke na begi lake. Nikamwambia nimeshamzimia vya kutosha, hili aliwashe mwenyewe. Akaugeukia ukuta, akauambia.

"Haiko chumba ya pesa. Iko chumba yetu. Nilisikia haya mama aone kitanda, nikasema waifiche."

Mama Benedicte akaugonga ukuta ule kwa ncha ya mwavuli.

"Umwambie mukwe wangu," akasema, "mi nilizala watoto munane. Hakuna mwenye alipitia ku dirisha. Na umwambie tena, siwezi kuacha mutoto yangu kwa mutu mwenye iko na haya ya kuwa bwana yake. Afungue."

Sikuhitaji kuyapitisha. Philippe alikwisha kuvua koti la sherehe na kuchukua nyundo ya Erifazi. Akaupiga ule ukuta mpya mpaka vumbi likatufukuza uani na majirani wakaja kuuliza anatafuta nini. Mama Benedicte, ambaye siku zote huongea kwa heshima na polepole, akawajibu kwa sauti ya sokoni kwamba anatafuta chumba chake cha kulala.

Tundu lilipotosha mtu kupita, Kahambu hakungoja fremu. Alimwachia mama yake mtoto pale uani, akarudi koridoni, akatangulia kurusha begi ndani, tukalisikia likitua, kisha akainua kitenge na kupita. Philippe alibaki amesimama kwenye kifusi, mweupe wa vumbi mpaka kope. Kutoka ndani mkewe akauliza, kwa sauti iliyofika barabarani, choo kiko wapi.

Philippe akatazama uani, mama mkwe wake alikokuwa amesimama. Hakuniangalia mimi nimpitishie.

"Tutajenga hapa," akajibu kwa sauti hiyohiyo. "Pembeni ya kitanda."