Ishirini na Tisa Haigawanyiki

Mwaka wa 1959 kwaya ya kanisa moja la Thika ilikuwa na waimbaji ishirini na tisa, na Gerishon hakuwa mmoja wao. Kila alipoomba kuingia, mwalimu wa kwaya, Boaz, mtu wa Maragoli kule magharibi aliyefundisha hesabu shuleni, alimsikiliza ubeti mmoja, kisha akamshauri atafute kazi nyingine ya Bwana. Iliuma. Sauti ya Gerishon, jamani, ilikuwa ya kufukuza nyani shambani, lakini moyo ulikuwa wa malaika, na mamake, Wakonyo, alikuwa anazeeka akisubiri mwanawe aimbe mbele za watu.

Kilichomwokoa ni hesabu. Mashindano ya Ruiru yalikuwa na alama za kusimama kwa mistari iliyolingana, na Boaz aliapa kutozipoteza tena. Akaigawa ishirini na tisa kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, zikabaki mbili. Kwa tano, nne.

"Hii ni namba tasa," akawaambia kwa uchungu. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Sasa tusimame mstari mmoja kama watu wa foleni ya sukari?"

"Si utoe mmoja," akasema Ndung'u wa besi.

Wakibaki ishirini na wanane, ingekuwa mistari minne ya watu saba saba; hata ikiwa miwili, kumi na nne ni saba mbili tu. Kina mama wa Kikuyu wakaguna. Syokau, Mkamba, akainuka kabisa. Kwao wote saba ilikuwa namba ya mkosi; hata mbuzi hawapangwi hivyo, sembuse watu.

"Mwalimu, hiyo saba simama nayo wewe," akasema.

Wakitolewa wawili wangekaa tisa tisa vizuri, lakini kila mtu alikuwa ameshashona sare. Ikabaki kuongeza. Thelathini ni namba ya upole: inakubali mbili, tatu, tano, sita, hata kumi. Boaz akameza mate, akaenda kwa Gerishon.

"Utafungua mdomo tu," akamwambia. "Sauti uiache Thika."

Gerishon alikubali. Lakini siku yenyewe, nyuma ya ukumbi wa Ruiru, alichungulia akamwona mamake kiti cha mbele, mkono nyuma ya sikio, maana masikio yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. Akashikwa na uchungu.

"Mwalimu, ama niimbe, ama nitoke."

Boaz akapiga hesabu upesi. Huyu akitoka, ile tasa imerudi. Akitoa mwingine, saba. Syokau alikuwa ameshakunja mikono.

"Amina ya mwisho," akasema Boaz. "Hiyo peke yake."

Waliimba vizuri ajabu, wamesimama sita sita. Gerishon alipanua mdomo mpaka taya zikauma. Ilipofika Amina, akaiachilia yote. Wenzake wakamaliza, yeye akaendelea. Jaji akaangusha kalamu. Wakawa wa mwisho, na alama zote za mistari mkononi.

Gerishon akatoka nje kwa aibu, hajui atamtazama mamake vipi. Wakonyo akamshika mikono yote miwili, machozi yakimtiririka.

"Baba," akasema, alivyozoea kumwita kwa kuwa Gerishon alirithi jina la baba mzazi wa Wakonyo, "hao wengine wote walikuwa wanafungua tu midomo. Ni wewe peke yako umeimba."