Dakika Nne za Twiga

Saa 12:31 asubuhi, Jumatatu, treni iliondoka kituoni. Saa 12:32 abiria kumi na mmoja wa basi la mji mpya walifika jukwaani wakakuta reli tupu. Wa tisa alikuwa muuguzi, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Aliyesimama hapo na kalamu mkononi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mpanga ratiba za mabasi. Kwa urefu wake, ofisi nzima ilimwita Twiga. Alikuja na basi hilo hilo, akafika jukwaani saa 12:29.

"Umeiona treni?" muuguzi aliuliza, akihema.

"Nimeiona. Imeondoka kwa wakati."

"Hongera. Ipigie makofi."

Mji mpya ulikuwa na nyumba elfu mbili na njia moja ya kutoka: basi la kwanza saa 12:10, kituoni saa 12:25, kisha treni ya 12:31. Iliyofuata ilikuwa ya 12:51. Kutoka mlango wa basi hadi jukwaani kulikuwa na lango la tiketi, ngazi za kupanda, daraja la juu ya reli na ngazi za kushuka. Ripoti ya Twiga ilisema dakika nne zinatosha, mbili ni akiba. Ijumaa ratiba ingechapwa kuwa ya kudumu.

Muuguzi alihamia huko kwa kuiamini ripoti hiyo. Alikuwa na miaka sita katika wodi ya watoto njiti, na hakutaka nyingine. Zamu ilianza saa 1:00. Dakika hiyo msimamizi alichora mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio, na aliyesaini chini ya mstari mara tatu kwa mwezi alihamishwa wodi. Leo ingekuwa mara ya pili. Kuanzia kesho alikuwa na zamu za mchana. Jumatatu ijayo angerudi asubuhi, na mwezi ulikuwa haujaisha.

"Nimepima mara tatu," Twiga alisema. "Dakika tatu na sekunde hamsini. Vipimo havina ushemeji."

"Umepima kwa miguu ya nani?"

"Yangu."

"Hiyo ni miguu, shemeji, au ni nguzo za umeme? Ulipima lini?"

"Jumapili, saa nne asubuhi."

"Kwenye ngazi kulikuwa na nani?"

Twiga alifungua daftari lake. "Paka mmoja. Hakunizuia."

"Basi waandikie watu ukweli: usafiri huu ni wa twiga na paka."

"Ungekaza mwendo kidogo..."

"Nimeukaza hadi umekatika. Kesho tutapima tena, wewe na mimi. Uje na saa yako, kamba nitaleta mimi."

Jumanne walishuka pamoja kwenye basi la 12:10. Kamba ilikuwa bandeji. Muuguzi alipiga hatua moja ya kawaida, akaipima kwa bandeji, akakata, akaifunga kwenye vifundo viwili vya miguu ya Twiga. Kisha akamtwika mkoba.

"Tulia. Nafunga watoto wa kilo moja na hawalalamiki."

Dereva alishuka kutazama. "Dada, huyu amekosa nini?"

"Amekosa hesabu."

Saa 12:25 Twiga alianza kutembea. Langoni alikuwa wa kumi na nne kwenye foleni. Kwenye ngazi muuguzi alimshika kiwiko. Darajani kila mtu aliwapita, na mama mmoja akapunguza mwendo.

"Pole, kaka. Ndiyo unatoka hospitali?"

"Bado," muuguzi alijibu. "Ndiyo anapelekwa."

Walikanyaga jukwaa baada ya dakika sita na sekunde hamsini. Walichoona ni mgongo wa behewa la mwisho. Twiga alikaa kwenye benchi, akaandika tarakimu, ndipo akaanza kufungua bandeji.

"Kipimo kimoja si ushahidi," alisema.

"Kweli kabisa. Mkobani zimebaki bandeji sita."

Hakudai kipimo cha pili.

Saa tatu asubuhi, ofisini, Twiga alikata nne kwenye ripoti, akaandika saba. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: "Vipimo vya awali vilifanywa na mtu asiyewakilisha abiria." Meneja aliisoma, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, safari iliyochukua muda, akasaini bila swali. Basi la kwanza lilirudishwa nyuma hadi saa 12:06. Ijumaa ratiba ilichapwa hivyo.

Jumatatu basi liliondoka saa 12:06. Twiga, aliyetaka kuthibitisha kazi yake, alitokea kwenye kona saa 12:07 na mswaki mfukoni. Hakuwa amebadilisha kengele ya simu yake. Alikimbia. Kupitia kioo cha nyuma muuguzi aliona magoti yakipanda na kushuka.

"Yule si shemeji yako?" dereva aliuliza. "Nimsubiri?"

"Ratiba ni yake mwenyewe. Usimvunjie heshima."

Saa 12:28 muuguzi alifika jukwaani. Saa 12:31 treni iliondoka naye akiwa ndani. Saa 12:56 alisaini daftari la wodi ya watoto njiti. Mstari mwekundu ulikuwa bado haujachorwa.