Pete ya Namba Saba

Chujio la chai ndilo lililozua maneno. Mama Pacha alikunywa funda la kwanza la chai ya saa kumi, akasikia mchanga kwenye meno, akakiweka kikombe chini taratibu na kumtazama mumewe.

"Baba Pacha, umechekecha nini humu?"

"Kokoto," alisema Baba Pacha.

Hakudanganya. Ulikuwa mwezi wake wa pili wa kustaafu, na tangu mapacha wao wamtumie treni ya umeme ndani ya boksi, injini moja na mabehewa manne, hakuna chombo cha jikoni kilichokuwa salama. Mchanga aliuchekecha upate kuwa kokoto za reli. Njiti za kiberiti alizikata vichwa zikawa mataruma ya kulazia reli. Sponji ya kuoshea vyombo aliinyofoanyofoa, akaichovya kwenye rangi ya kijani, ikawa miti. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya vitanda viwili, katika chumba walichokulia mapacha. Mama Pacha alinunua chujio jipya, akaliandika LA CHAI kwa wino usiofutika, na mambo yakaishia hapo. Mtu mzima akikosa kazi hukosa na pa kuweka mikono, na afadhali aiweke kwenye treni kuliko kwenye masufuria ya watu.

Miaka thelathini na mitano Baba Pacha alikuwa mtu wa jukwaani, stesheni ndogo, njia moja. Alipiga filimbi, aliinua bendera, na alimkabidhi dereva pete. Pete hiyo ilikuwa ya chuma, pana kama mdomo wa ndoo, ina namba saba. Kwa kuwa treni za kwenda na za kurudi zilipita reli ile ile, pete ilikuwa moja tu: dereva aliyeishika ndiye mwenye njia, na asiye nayo husubiri, hata kama amebeba bwana harusi. Hakuna dereva aliyeipenda sheria hiyo kama shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, ambaye stesheni nzima ilimwita Kanuni.

Baba Pacha alisema atajenga njia yoyote tu, ya kujifurahisha. Lakini mikono ina mambo yake. Ilijenga paa jekundu, ikajenga tangi la maji lenye mguu mmoja uliopinda, kisha ikaipeleka reli hadi kona ya machimbo ya mawe. Mama Pacha alipoingia kufagia akaliona tangi, akasimama.

"Hapa ndipo kaka alipoondokea."

"Ndipo."

"Tangi lilikuwa na kutu zaidi," alisema, akaenda kuanua nguo.

Baba Pacha akalipaka tangi machicha ya chai, likawa lenyewe kabisa.

Miaka thelathini na mmoja nyuma, Kanuni alitoka stesheni ile na treni ya abiria bila pete mkononi. Kwenye kona ya machimbo akakutana uso kwa uso na treni ya mizigo. Akafa yeye na abiria kumi na mmoja. Tume ya uchunguzi ilikaa siku tatu, ikaandika maneno matatu: kosa la dereva. Mama Pacha, aliyekuwa ananyonyesha watoto wawili, alitembea nyumba zote kumi na moja kumwombea kaka yake msamaha. Nyumba mbili hawakumfungulia. Baba Pacha alifuatana naye kote, amemshikia mwavuli. Tangu hapo Mama Pacha hakupanda treni tena, na akiulizwa kwao wamezaliwa wangapi hujibu kwamba alizaliwa peke yake.

Jumanne moja abiria walitokea jukwaani. Baba Pacha hakuwanunua wala hakuwachonga. Walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja mrefu kama njiti ya kiberiti, na aliwajua wote: mama mwenye kichwa cha cherehani mapajani, vijana wawili wenye godoro moja, mzee mwenye mkwaju na mkewe asiyependa kusubiri. Mama Pacha alichungulia, akatazama balbu iliyoning'inia juu yao.

"Watu wako wanachomwa na jua," alisema. "Ongeza paa."

Akaongeza paa, kwa ubao wa boksi la viatu.

Jumatano, saa kumi na dakika arobaini, treni ilisimama yenyewe mbele ya jukwaa. Baba Pacha alizungusha swichi mpaka mwisho, haikusogea. Akavaa miwani. Kanuni alikuwa dirishani mwa injini, kofia imepigwa pasi, mkono ameunyoosha nje.

"Shemeji, pete," alisema. Sauti ilikuwa ile ile, ila ndogo, kama redio ya jirani.

Baba Pacha aliogopa. Hakumwogopa marehemu, marehemu alikuwa shemeji yake na walikuwa wakielewana. Aliogopa mlango, kwa sababu ulikuwa wazi, na Mama Pacha alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Akaenda kuufunga.

Alikunja waya mwembamba wa shaba ukawa kipete, akampa kwa kibano.

"Haina namba," alisema Kanuni.

Alhamisi aliandika namba kwa ncha ya sindano. Kanuni akaigeuzageuza.

"Saba. Sawa. Nani kathibitisha njia?"

"Mimi."

"Basi nitamsubiri mwingine."

Na akasubiri. Siku ya tatu, siku ya nne, treni ilibaki pale pale. Baba Pacha alimwambia mkewe kwamba chumba kina rangi mbichi na kila alasiri akajifungia humo, akibembeleza. "Shemeji, yamepita hayo." Kanuni hakutaka maneno, alitaka pete. Vijana walilaza godoro jukwaani wakalala. Mke wa mzee alianza kusema, na akianza yule hakuna wa kumzima. Jumatatu sauti zao zilifika koridoni, na Mama Pacha, ambaye hajawahi kumpita mtu mwenye kiu, alifungua mlango, mkononi ana kizibo cha chupa kilichojaa maji.

Akakiweka jukwaani. Kisha akamwona aliye dirishani.

"Kaka," alisema.

"Dada. Umenenepa, vizuri," alisema Kanuni. "Mwambie mumeo safari hii sitaki maneno. Nataka pete."

Mama Pacha hakumtazama mumewe.

"Kwani safari ile ulipewa nini?"

"Maneno."

"Ya nani?"

"Muulize mwenyewe. Mimi niko kazini."

Mke wa mzee alisogea karibu asikie. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa imekwenda miaka thelathini na mmoja, na ilifika mwisho wake pembeni ya kitanda cha mtoto.

"Mkuu wa stesheni alinituma," alisema Baba Pacha. "Kulikuwa na mkubwa behewa la mbele, anatazama saa. Pete ilikuwa bado haijarudi. Stesheni ya pili walipigiwa simu, hawapokei. Mkuu akasema wakinyamaza maana yake ndiyo. Kaka yako akakataa. Akasema bila pete hatoki, aje nani. Nikamwendea mimi. Nikamwambia, shemeji, njia nyeupe, mimi ndiye ninayekuambia. Akanitazama. Akasema, kama ni wewe, sawa."

"Na kwenye tume?"

"Nikasema aliondoka kwa kichwa chake. Mkuu alinikumbusha kwamba mapacha wana miezi minne."

"Wanangu usiwatie humo."

"Haya."

Mama Pacha alikaa kitandani, kando ya meza, pale palipobaki nafasi. Alikuwa na hasira, akaibana mikono katikati ya magoti.

"Nyumba kumi na moja," alisema. "Na wewe umenishikia mwavuli."

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema Baba Pacha.

Ndilo jibu lililomjia. Alipolisikia likitoka kinywani mwake aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake, na kwa kuwa kiti hakikuwapo alikaa sakafuni. Mama Pacha aliinuka, akamruka miguu, akaenda kumalizia vitunguu. Chakula kilikuwa tayari kwa wakati wake. Hakikuwa na chumvi, na hakuna aliyeiomba.

Asubuhi alimwekea mumewe shati mezani.

"Nenda kaseme."

Akaenda. Ofisi ya reli ilimpa fomu, naye akaijaza ukweli wote, mistari ikamwishia akaendelea nyuma. Wiki ya pili walimtuma afisa wa kumbukumbu, kijana mpole, mkoba kwapani. Alivua viatu, akapima meza kwa futi, akainama dirishani mwa injini.

"Wewe ndiye marehemu dereva?"

"Ndiye."

"Una kitambulisho?"

"Kiliungua."

Afisa akaandika. Alimsikiliza Kanuni mpaka mwisho, akamsikiliza mama wa cherehani, akamsikiliza mke wa mzee kwa nusu saa nzima kwa sababu hakuwa na la kufanya. Kisha akanywa chai. Alieleza kwa heshima zote kwamba ushahidi unajitosheleza. Tatizo ni kwamba taarifa ya tume hurekebishwa kwa sahihi ya mkuu wa stesheni wa wakati huo, na mzee yule alishafariki, na ukumbi wa abiria wameupa jina lake.

"Si na yeye aje hapa asaini?" aliuliza Mama Pacha. "Kama hawa wamekuja."

Afisa aliliona hilo ni wazo zuri. Wote watatu wakatazama jukwaani. Walikuwa kumi na mmoja na dereva wao, hakuna mwingine.

"Hajaja," alisema afisa, akavaa viatu.

Barua ilikuja mwisho wa mwezi. Ilishukuru familia kwa ushirikiano wake. Ilisema njia iliyokaguliwa ni mali ya mtu binafsi, haimo mikononi mwa shirika, na kwamba maneno matatu ya tume yanabaki kama yalivyoandikwa.

Mama Pacha alibadilisha viatu. Zile nyumba kumi na moja sasa zilikuwa tano. Nyingine watu walihama, nyingine walikwisha. Safari hii aliongea Baba Pacha, kila mlango, kofia mkononi, na mwavuli alishika Mama Pacha. Kwenye mlango wa nne binti wa yule mama wa cherehani, mwenyewe sasa ana mvi, alimsikiliza hadi akamaliza.

"Baba," alisema, "kaka yake mama huyu tulishamsamehe. Ilituchukua miaka. Sasa mnataka tumtoe huyo tukuweke wewe, tuanze upya? Hapana. Acheni ilivyo."

Akawapa machungwa ya njiani.

Walirudi saa kumi na robo. Mama Pacha alikwenda moja kwa moja chumba cha mapacha, na viatu vyake vya vumbi. Alimsomea kaka yake barua yote, mpaka muhuri.

"Wamekataa," alisema.

"Sahihi haikuwapo," alisema Kanuni. "Bila sahihi haiwezekani."

"Kaka, hata hukasiriki?"

Kanuni alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Nimekasirika sana," alisema. "Lakini nina abiria."

Mama Pacha alivua hereni moja, ya duara, aliyoivaa tangu usichana wake. Alichukua sindano, akakwaruza saba. Halafu alifanya jambo ambalo mumewe hakuwahi kulifikiria kwa miaka yote thelathini na mitano: aliweka kidole juu ya reli, akakipitisha njia nzima, toka jukwaani hadi kona ya machimbo, akazunguka meza, akarudi jukwaani. Kidole kilikuwa cheusi.

"Nani kathibitisha njia?" aliuliza Kanuni.

"Mimi, dada yako. Nimeipitia yote."

"Kuna chochote?"

"Kipande cha mkate, kwenye kona. Nimekitoa."

Kanuni akanyoosha mkono, hereni ikamfika begani. Abiria wakapanda. Godoro liligoma mlangoni, wakalisukuma. Treni ikatoka, ikapita kona ya machimbo bila kukutana na mtu, kwa sababu mapacha walituma treni moja tu, na ikasimama upande wa pili wa meza, karibu na dirisha. Watu wakashuka na mizigo yao, wakatembea hadi ukingoni. Kesho yake walikuwa jukwaani tena, na Kanuni anasubiri pete.

Imekuwa hivyo kila siku. Mama Pacha siku hizi akiulizwa kwao wamezaliwa wangapi hujibu wawili, mkubwa ni dereva. Anayejua kisa hushusha macho, maana kitabu cha shirika bado kina maneno yake matatu, na watu husadiki kitabu. Saa kumi na nusu huleta chai, vikombe viwili. Hupitisha kidole njia nzima, hukifuta kwenye kanga, huvua hereni. Baba Pacha husimama pale kwenye tangi la maji, amenyoa ndevu, shati ndani ya suruali.

"Leo nimpe mimi?" huuliza.

Mama Pacha humtazama kaka yake dirishani, na kaka yake hutazama mbele, kwenye njia.

"Bado," husema Mama Pacha.

Baba Pacha huinua bendera ya kijani, ambayo hakuna aliyemwomba, na treni huondoka kwa wakati.