Spika Nane Chini ya Meza

Kwa miezi minne fundi redio alishinda amelala chali sakafuni, miguu nje, kichwa chini ya meza ya watu. Mumewe, mshona viatu, alimtania kwamba siku hizi anamtambua kwa nyayo tu. Mtaani walimwita Sikio, kwa kuwa redio mbovu aliisikiliza kwanza kabla ya kuifungua, kama daktari na kifua cha mgonjwa, na mara nyingi ugonjwa aliutaja papo hapo.

Meza ilikuwa ya chama cha wapenda treni, katika ukumbi wa maktaba. Urefu wake hatua kumi na mbili: milima ya karatasi na gundi, stesheni, daraja, na treni ndogo ambayo injini yake inaenea kiganjani. Kasoro ilikuwa sauti. Ndani ya injini mlikuwa na spika ya ukubwa wa kifungo cha shati, ikilia kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Mwenyekiti wa chama alikuja mwenyewe kibandani kwa Sikio.

"Dada yangu," alisema, "tutoe aibu."

Sikio akawatoa. Alichukua spika nane za redio na televisheni zilizokwisha kufa, akazikaza chini ya plaiwudi kwa skrubu, na kila kipande cha reli akakipa swichi yake. Treni ikifika juu ya spika, hiyo inafunguka na ya nyuma inajifunga, hata ungeapa kwamba mngurumo unatoka kwenye magurudumu yenyewe. Alipofunga ile kubwa ya besi, meza nzima ilitetemeka na mabehewa yakaruka reli kama mbuzi walioona fisi. Akakata godoro kuukuu la nyumbani kwake, akailaza spika juu ya sponji, mabehewa yakatulia.

Sauti yenyewe aliifuata kwenye reli ya treni za kweli, pamoja na dereva mstaafu aliyeendesha treni miaka thelathini na moja. Asubuhi tatu walijilaza kwenye nyasi na kinasa sauti.

"Inayopanda mlima haisemi kama inayoshuka," mzee alimfundisha. "Inayopanda inalalamika. Inayoshuka inajizuia."

Basi Jumamosi ya uzinduzi Sikio akavaa gauni lake la kuendea harusi za watu, akafuatana na mumewe. Mlangoni pa ukumbi palikuwa na kibao kipya, herufi za dhahabu: mfumo wa sauti umebuniwa na kuundwa na mhandisi fulani. Mhandisi huyo alikuwa mkwe wa mwenyekiti, aliyemwoa bintiye mkubwa. Sikio alikuwa amemwona mara mbili tu, ya kwanza akipiga picha, ya pili akiuliza choo kiko wapi.

"Labda wamekosea," mumewe alinong'ona.

"Dhahabu haikosewi," Sikio alijibu.

Ndani, treni ilizunguka ikiunguruma, wageni midomo wazi. Mwenyekiti akashika maikrofoni. Alimsifu mkwewe, alivyosota, alivyoumiza kichwa. Mkwe akainamisha kichwa kwa adabu. "Na tusimsahau mama yetu wa redio," mwenyekiti akamalizia, "aliyetusaidia kuokota nyaya."

Wakampigia makofi, yale anayopigiwa mtoto aliyemaliza uji. Asante ya punda ni mateke, Sikio alilijua hilo tangu utotoni, ila hakujua kwamba punda siku hizi wanavaa tai. Akasimama.

"Mwenyekiti, nina swali kwa mhandisi. Spika ya besi imekaa juu ya nini?"

Mkwe akamtazama baba mkwe wake. "Juu ya... kiunzi maalumu."

"Godoro!" dereva mstaafu alipiga kelele kutoka kiti cha nyuma. "Kiunzi gani? Godoro, tena la kwao!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akakunja uso. "Mama, usituharibie shughuli. Hayo ni mambo ya ndani, tutakaa tuyazungumze."

"Ya ndani? Mbona kibao mmekitundika nje?"

Akatoa bisibisi mkobani, akapiga magoti na gauni lake, akaingia chini ya meza. Spika zilikuwa zake, hakuna aliyempa hata skrubu. Alianza na ya darajani. Treni ikaingia pale ikinguruma, ikapita bubu, ikapata sauti tena stesheni. Akahamia stesheni. Sehemu baada ya sehemu reli ikanyamaza, na wageni waliokuwa wakicheka wakanyamaza nayo.

Mkwe akachutama kando ya meza. "Mama, naomba radhi. Mimi nilimwambia baba asiandike vile."

"Ulimwambia lini?" Sikio aliuliza bila kugeuka. "Mbona ulipomwagiwa sifa uliinama kuzipokea?"

Kijana akainuka, akampisha. Sikio akatoka na spika zote nane ndani ya boksi, mumewe akalishika upande wa pili. Dereva mstaafu alitoka nao, na nyuma yake nusu ya wageni.

Wiki mbili wanachama walisikiliza mbu wao wa kopo, ile spika ya kifungo waliyoiwasha tena ndani ya injini. Siku ya kumi na tano wakaja kibandani, watu saba, mwenyekiti mkiani mwao. Sikio aliwasikiliza huku mikono ikiendelea na redio ya mteja.

"Jina langu kamili," alisema hatimaye, "na la mzee dereva. Herufi zile zile za dhahabu. Na spika nitazifunga mchana, watu wakiwemo."

Wakakubali, wakatimiza. Alhamisi iliyofuata, wasomaji wa maktaba wamesimama kuzunguka meza, treni ilipanda mlima ikilalamika vilivyo. Mwenyekiti akamsogelea akiwa amenyoosha mkono.

"Habari za leo, Fundi."

"Nzuri," Sikio alijibu, kwa kuwa salamu ni ya Mungu. Mkono hakuupokea.