Upenyo wa Joto

Barua ya Sadalla iliingia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, siku ya Jumatatu, ikiwa na stempu za Urusi. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu shirika alilofanyia kazi limpeleke huko kujifunza kusuka sumaku za umeme, yaani kuzizungushia waya. Mkewe, Tatu, aliisoma amesimama.

"Mama Mgeni, waya wetu tunauzamisha katika heli, hewa iliyopozwa hata ikawa maji, baridi kushinda barafu. Humo umeme hupita bila kupungua. Ila utepe tunaouvika waya ukizidi, joto hukosa njia ya kuifikia heli, na sumaku huharibika. Kwa hiyo tunaacha upenyo. Sasa wanataka niongeze miaka miwili. Nijibu kabla ya mwezi kwisha. Wasemaje?"

Tatu alijibu papo hapo. Salamu zilijaza ukurasa na nusu: za mwana wao Mgeni, za mama mkwe, za shangazi, za majirani wote hadi Ilala. Chini kabisa akaandika, "Sisi hatujambo, usiwe na wasiwasi." Mke muungwana halii kwenye karatasi. Wala hakutaja kwamba kila Ijumaa huifua kanzu ya mumewe, isiyovaliwa na mtu.

Akaifunga barua katika pindo la kanga, akaenda nayo kazini, kwenye ushirika wa kusuka mota, ili aipeleke posta mchana. Mezani alikuta mota ya mashine ya unga imerudi, nyeusi tititi, inanuka.

"Mkono wako huu, dada," alisema Fundi Pantaleo. "Utepe mara nne! Ulikuwa unamvika mtoto wa Kibosho, kule Kilimanjaro, asipigwe na baridi?"

"Niliogopa umeme usitoroke, fundi."

"Haukutoroka. Na joto nalo halikutoroka. Limeunguza waya humo humo."

Tatu aliitazama ile mota, akakumbuka salamu zake za ukurasa na nusu. Kisha akafungua pindo la kanga, akaitoa barua, akaichana. Akaomba karatasi na bahasha, akaandika wima wima:

"Baba Mgeni, usiongeze hata siku moja. Kanzu yako naifua kila Ijumaa. Rudi."

Pantaleo alichungulia. "Bila salamu? Atadhani kuna msiba!"

"Acha adhani."

Akalamba bahasha, akaenda posta kwa miguu, jua la saa saba utosini.

Ijumaa akaifua kanzu. Safari hii hakuikunja sandukuni. Aliitundika msumarini, karibu na mlango.