Pilote Niliyemfuta

Wanafunzi wangu wa zamani walipokwisha kuketi sebuleni kwangu, Kamembe, nilichomeka waya wa skrini kubwa kwenye kompyuta iliyokuwa tayari inawaka, nikangoja. Skrini ilibaki nyeusi, na katikati yake maneno mawili: hakuna ishara.

Nilikuwa nimewaalika ili niwaonyeshe picha za darasa letu la Cyangugu. Niliwafundisha Kifaransa, na kila mmoja wao anajua kwamba sikuwahi kuvumilia neno litumikalo mahali pasipo pake.

"Papa Mwalimu," alisema Habumugisha, ambaye leo ana mvi kunizidi, "ecran inakuogopa kama siye zamani."

Wakacheka. Nilichomoa waya, nikauchomeka tena, kisha nikajaribu tundu jingine. Kompyuta haikutambua hata kwamba imeongezewa kitu. Ndipo nikasema, kwa sauti ile ile ya darasani:

"Ni mjukuu wangu Gasaro. Ameiharibu kwa michezo yake ya ndege."

Gasaro, aliyekuwa akigawa chai, alisimama na birika mkononi. Anasomea informatiki, yaani elimu ya kompyuta, na mtihani wake umekaribia. Hata hivyo, tangu juma lililopita nilikuwa nimempiga marufuku kuigusa kompyuta ile, kwa kosa hilo hilo.

"Sogokuru, mi sikucheza mchezo ya ndege. Hata siku moja."

"Niliuona kwa macho yangu, nikaufuta mwenyewe."

"Ulikuwa unaitwa namna gani?"

"Pilote. Rubani huyo ni wa nini, kama si wa ndege?"

Hakucheka. Aliweka birika mezani, akaketi mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa unaoonyesha vifaa vyake. Penye kadi ya picha palikuwa na alama ya njano.

"Pilote ni programu," alisema polepole, kama asemavyo mtu na mgonjwa. "Ndiyo inaongoza kadi ya picha. Bila hiyo, kompyuta haioni ecran ya pili, na maandishi inakuwa kubwa, yenye ukungu. Haikukuwa hivyo?"

Yalikuwa hivyo. Nilikuwa nimeilaumu miwani yangu.

"Aa, Papa Mwalimu!" alipaza sauti Patricie, ambaye tangu utoto hakujua kunyamaza. "Kumbe pilote iko na maana mbili? Siye ulitusimamisha ukutani kwa kosa ndogo kuliko hii!"

Safari hii walicheka bila kujizuia. Masikio yaliniwaka. Gasaro aliinama karibu nami, akanong'ona: "Nitabaambia ilijifuta yenyewe."

Msichana niliyemwita mwongo alikuwa tayari kusema uongo ili kunisitiri. Hilo liliniumiza kuliko kicheko. Nilisimama.

"Haikujifuta," niliwaambia. "Niliifuta mimi, kwa kutojua. Kisha nikamwadhibu mtoto huyu, naye alisema kweli."

Gasaro aliirudisha programu ile. Kioo kikazimika kidogo, kikawaka, maandishi yakawa membamba. Alichomeka waya bila kuzima chochote, na skrini kubwa ikajaa nyuso zetu za zamani.

Aliinuka anipishe kiti.

"Kaa," nilisema. "Ni kompyuta yako mpaka mtihani uishe, na baada ya hapo."

Nilichukua birika. Sikuwahi kumgawia mtu chai nyumbani mwangu. Nilianza na kikombe chake. Chai ilimwagika kisahanini.

"Mie sukari mbili, Papa Mwalimu," alisema Patricie kwa upole.

Nikamtilia mbili.