Kilo Sita za Kuvuna

Daktari alimbinya tumbo kwa vidole viwili, akambinya na mapaja, kisha akavua glavu.

"Nivune mafuta wapi, dada yangu? Shamba lenyewe jeupe."

Mgonjwa wake, kama mtu aliyefuata urembo tu anaweza kuitwa mgonjwa, alicheka kwa adabu tu. Alikuwa msusi wa miaka thelathini na minne, na tangu darasa la kwanza watu walimwita Sindano. Saluni aliyofanyia kazi ilikuwa na vioo pande tatu. Kutwa nzima alijiona kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, na huko nyuma ndiko kulikomkera. Siku fundi wa nguo alipomuuliza mbele ya watu, "Nikushonee na sponji kwenye nyonga, au gauni tuliache lining'inie?" ndipo alipokata shauri.

Daktari alimweleza taratibu. Mafuta yangetolewa tumboni na mapajani, yakahamishiwa nyonga na makalio. Lakini kwanza yawepo. Anenepe kilo sita na abaki nazo. Damu yake ilikuwa pungufu, kwa hiyo ameze vidonge vya kuongeza damu. Zile dawa za maumivu alizozoea kwa ajili ya mgongo aziache mapema, maana zingemfanya avuje damu nyingi kwenye meza ya upasuaji. Na awe na mtu wa kumuuguza, kwa kuwa wiki za mwanzo asingeruhusiwa hata kukaa kitako.

"Mumeo anajua?" aliuliza nesi, kalamu mkononi.

"Anajua."

Hakujua. Wala mama mkwe, waliyekuwa wakiishi naye, hakujua.

Sindano akaanza kula. Asubuhi mayai matatu, saa nne karanga, mchana wali wa watu wawili, jioni maziwa na parachichi. Alikula huku amesimama anasuka, alikula bila njaa, alikula mpaka chakula kikamkaa kooni. Mgongo, sasa bila dawa, ulimuuma hadi akawa anasukia kwenye kigoda. Mwezi wa pili mizani ikaanza kumsikia. Mashavu yalijaa, sketi zikaanza kumbana.

Lakini vile vidonge vya damu vilimchafua tumbo. Asubuhi moja mama mkwe alimkuta ameinamia karo, anatapika, ndoo ya kuchotea maji mkononi.  Mama yule alimfuta uso kwa upande wa kanga, akamtazama mashavu, akamtazama kiuno, na machozi yakamlengalenga. Ndoa ilikuwa na miaka saba bila mtoto, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mkwewe neno hata moja la kumsuta.

"Acha hiyo ndoo, mwanangu," alisema. "Kuanzia leo maji nachota mimi."

Sindano aliiachia ndoo. Angesema nini? Kwamba si mimba, ni makalio? Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akajiambia atasema kesho.

Kesho ikapita, na nyingine, na wiki. Walikaa ghorofa ya tatu, na bomba la maji lilikuwa chini uani. Kila alfajiri alimsikia mama wa miaka sitini na tisa akipanda ngazi, akipumzika kila kona, akivuta pumzi, akipanda tena. Mumewe, fundi wa friji, naye akabadilika. Alirudi mapema, akawa anapiga mluzi. Jumapili moja alitoa mashine zake zote mbovu kwenye chumba kidogo, akakipaka rangi ya manjano. Hakusema ni cha nani. Sindano alisimama mlangoni, harufu ya rangi ikimpanda kichwani, akasema, "Kimependeza," akaenda kuketi chooni mlango umefungwa.

Kilo sita zilitimia, tarehe ikapangwa. Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya upasuaji, alisikia kishindo cha ndoo ikibingirika ngazini, kisha sauti ya mama ikiita jina la Mungu.

Mkono wa mama ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja. Hospitalini, wakati wanamfunga plasta, mama mkwe hakuijali hata hiyo plasta.

"Huyu mwangalieni kwanza," alimwambia tabibu. "Amenishusha ngazi zote zile mbio mbio, na ana mimba."

Tabibu akamgeukia Sindano. Mumewe, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika na mikono yenye grisi, naye akamgeukia.

"Sina mimba," alisema Sindano.

"Imetoka?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haikuwepo, mama. Nilikuwa nanenepa kwa ajili ya operesheni. Ya nyonga. Ya urembo."

Hakuna aliyemfokea. Afadhali wangefoka. Mumewe alijifuta grisi kwenye suruali, akasema, "Miezi miwili namshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakipo," akatoka kwenda kutafuta teksi.

Zikafuata siku za chakula kupakuliwa kimya. Sindano alichota maji, akapika, akamwogesha mama, na kila alipojipakulia aliisukuma sahani pembeni. Aliporudi kwa nesi kwa kipimo cha mwisho, mizani ilionyesha kilo tatu zimeyeyuka.

"Tunaahirisha," alisema nesi. "Nyumbani nani atakuuguza?"

"Sina mtu. Na mume wangu hakuwa anajua. Nilikudanganya."

Nesi aliweka kalamu chini. "Basi sikupi tarehe mpaka uje naye."

Siku ile alipofika nyumbani alimkalisha mama mkwe sakafuni, akaanza kumfumua nywele, maana kwa mkono mmoja mama hakuweza.

"Habari ile nilijipa mwenyewe," alisema mama ghafla. "Wewe hukusema neno."

"Ndilo kosa langu, mama. Sikusema neno."

Chanuo likapita mara mbili, tatu.

"Hayo mafuta wakishayahamisha, yanakaa?"

"Mengine yanakaa. Mengine mwili unayameza."

"Na bado unayataka?"

Sindano alifikiria kudanganya, akachoka kabla hajaanza. "Nayataka."

Mama aliguna. "Sikuelewi hata chembe. Nenda kaongee na mumeo. Na usimwambie mimi nimekubali, maana sijakubali."

Mumewe alikuwa kwenye chumba cha manjano, amekalia kreti, mashine zake mbovu tayari amezirudisha kando ya ukuta. Alipomwona hakusimama, lakini alisogea, kreti ikabaki na nafasi.

"Sema," alisema. "Yote, toka mwanzo."

Sindano alikaa. Akaanza kusema, na mumewe hakumkatiza.